Zawadi Chini ya Pikapu

Kaeni, wapendwa. Kaeni tu, msingoje niwaambie mara ya pili. Najua miguu inauma. Jana tulikuwa makaburini tena, mvua ikatunyeshea sote bila kuuliza nani mzee wa kanisa na nani mgeni, na leo mmeamka mkaja hapa na viatu ambavyo bado vina tope la huko. Nawaona. Yule pale nyuma ameshafumba macho na mke wake anamfinya. Mwache, mama, usimfinye. Mtu akisinzia nyumbani mwa Bwana amesinzia mahali pazuri, na nikifika kwenye neno linalomhusu nitapaza sauti.

Mimi pia nimechoka. Nawaambia ili msidhani huku mimbarini kuna godoro. Wiki nzima watu wamekuja mlangoni kwangu na jambo moja. Huyu anasema, mchungaji, naomba lakini sina nguvu. Yule anasema, mchungaji, nafunga, natoa, sikosi ibada, lakini ndani yangu kuzito, nimekuwa kama mtu anayepanda mlima na gunia la viazi kichwani. Nikawa najiuliza nitawajibu nini. Nilikuwa nimeandaa mahubiri marefu, nimeyaacha mezani nyumbani. Nitawapa mfano mmoja, kisha tukapumzike.

Alikuwepo bwana mmoja mwenye pikapu kuukuu. Msianze kugeuza shingo kumtafuta, mfano ni mfano, na gari lenyewe nimelitengeneza mimi kwa maneno. Lilikuwa gari la zamani hasa. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka, na mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Kijiji chao kilikuwa chini bondeni, kwenye migomba na viazi, na hospitali ya misheni ilikuwa juu, mgongoni mwa mlima. Katikati palikuwa na barabara ya udongo mwekundu yenye kona kali, na hiyo barabara ilishinda magari mengi mapya. Gari la bwana huyu halikushindwa. Lilipanda na viazi, likapanda na saruji, likapanda na akina mama wajawazito, na wagonjwa waliolazwa nyuma kwenye godoro huku ndugu zao wamewashikilia wasiteleze. Katika kijiji kizima gari lilikuwa hilo hilo moja, kwa hiyo mtu akiugua alikuwa na Mungu na pikapu ile.

Kasoro yake ilikuwa kelele. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka kitambo, basi likiwashwa huku unalisikia kule ng'ambo ya mto. Mbwa walikuwa wanalijua. Wanawake wa kwenda gulioni wakisikia ngurumo ndipo wanafunga vikapu, na bado walikuwa wanaliwahi. Hakuna aliyelalamika. Mtu mwenye gari moja halalamikii kelele zake.

Sasa bwana huyu alikuwa na binti mmoja tu. Binti akaugua. Akampandisha hospitali kwa gari hilo hilo, wakakaa huko, kisha wakarudi naye. Mnajua ninaposema wakarudi naye nina maana gani. Mtoto alikuwa nyuma, ndani ya sanduku, mama yake ameketi kando ameliegemea, na usukani ameshika baba, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kuliongoza gari lile kwenye zile kona. Nawauliza ninyi akina baba: siku hiyo ungefanyaje? Ukilia huioni kona. Basi yule bwana akayakaza macho yake, akateremka mlima mzima bila chozi, akafika, wakazika. Na watu wakamsifu. Wakasema, mmemwona mwanamume? Hata kuyumba hakuyumba.

Matanga yalipokwisha, wazee wa kanisa la kule wakakutana. Nataka niwe wa haki, walikuwa na nia njema. Walimpenda. Mmoja akasema, "Ndugu yetu tumfanyie jambo. Lile gari lake likinguruma tu, mama wa marehemu anaingia ndani na kujifungia. Linamkumbusha siku ile."

Mwingine akasema, "Hata makaburini si heshima. Tunasali, huku gari linapiga kelele kama mashine ya kusaga."

Wakakubaliana wamtengenezee sailensa, kile kisanduku cha chini kinachotuliza sauti ya moshi. Wakachanga. Wakaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu hodari, wakamweleza. Fundi akawauliza, "Mnataka kelele zipungue kiasi gani?"

Wakajibu, "Ziishe."

Mmesikia neno hilo? Hawakusema zipungue. Walisema ziishe. Na fundi aliyeambiwa ziishe atafanya nini? Alitengeneza kisanduku kinene, akakishindilia ndani nyavu za chuma na vinyuzi vile vinavyobaki mtu akichonga vyuma, tabaka juu ya tabaka, akaacha njia nyembamba ya moshi. Kikafungwa chini ya gari. Jumapili likaletwa mbele ya kanisa, likaombewa, watu wakapiga picha. Yule bwana akasema ahsante, akapeana mikono na kila mzee. Akaliwasha, na gari likaondoka linanong'ona. Watu wakapiga makofi. Kijiji kikapata utulivu, na kila mtu akaona amefanya wema.

Mwanzoni hapakuwa na shida. Moshi ulikuwa unapata pa kutokea, kwa taabu, lakini unatoka. Masizi ndiyo yalianza kujaa taratibu kwenye zile nyavu, siku kwa siku, mahali ambapo hakuna mtu anayechungulia. Na gari likaanza kuchoka.

Wenye magari mnajua uchovu wa gari. Unakanyaga, halivuti. Linajikaza kidogo kisha linalegea. Mafuta unajaza leo, kesho kutwa sindano imelala chini. Kwenye tambarare linakwenda, mtu anaweza kusema ni zima, lakini likiuona mlima tu linaishiwa. Ilifika mahali abiria wanashuka kwenye kona wanasukuma. Hawa viazi vyao mgongoni, wale watoto wao mgongoni, wanasukuma. Gari lililokuwa linabeba watu likawa linabebwa na watu.

Akalipeleka kwa fundi magari mjini. Fundi akauliza, "Linasumbua nini, mzee?"

"Halivuti. Na linakunywa mafuta hadi naogopa kuliwasha."

Fundi akabadilisha plagi. Yule bwana akarudi, akajaribu mlima, lile lile. Akaenda tena, wakafungua kabureta wakaisafisha. Lile lile. Wakaweka chujio jipya la hewa, la zamani lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, na kwa siku chache akafikiri limepona, kisha likarudi pale pale. Wakabadilisha pampu ya mafuta. Wakashuku mafuta yenyewe, labda yamechanganywa na mafuta ya taa, akabadilisha kituo. Mnaona wanachokifanya? Kila walichotengeneza ni cha kuingiza. Moto uingie vizuri, hewa iingie vizuri, mafuta yaingie vizuri. Na kila kilichoingizwa kilikuwa kizuri, siwalaumu.

Siku moja fundi akachoka kubahatisha. Akaacha injini inawaka, akazunguka nyuma, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi. Akakaa hivyo kidogo, akainua uso.

"Mzee, hapa pumzi inatoka kidogo mno. Nikifungue hiki kisanduku?"

"Hapo usiguse."

"Kuangalia tu, mzee wangu."

"Nimesema usiguse. Hiyo ni zawadi ya kanisa. Ukiacha ulivyoweka wewe, gari zima hili kitu kipya ni hicho peke yake, kitakuwaje kibovu? Angalia vya zamani."

Fundi akanyanyuka, akafuta mikono. Mwenye mali akishasema, fundi atabishana mpaka lini? Wakarudi mbele kwenye injini, wakaendelea kuvishuku vyuma vizee visivyokuwa na kosa.

Na yule bwana mwenyewe alikuwaje siku hizo? Ngoja niwaambie, kwa sababu gari ni chuma, mimi silii kwa ajili ya chuma. Yule bwana alikuwa amepungua. Ukimsalimu, habari za nyumbani, anasema nzuri. Habari za kazi, nzuri. Kila kitu nzuri, na uso umesinyaa. Alikuwa anakula matonge mawili anasukuma sahani. Kanisani alikuja kila Jumapili, akaketi mahali pake, akafungua kitabu cha nyimbo asitikise mdomo. Wazee wakamwombea. Wakamwekea mikono, wakasema, Bwana, mwongezee nguvu. Na mkewe hali kadhalika. Siku za kwanza alikuwa akilia jikoni, lakini wanawake wenzake wakamwambia, nyamaza mama, utamvunja moyo mumeo. Akanyamaza. Wakawa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa kutosema kitu. Nyumba ya namna hiyo mmewahi kuiona? Mimi nimeingia nyingi. Chai inaletwa, mgeni anauliza hali, wanasema tunamshukuru Mungu, na hewa ndani hakuna.

Mungu ni mwema, mama yule akashika mimba. Miezi ikatimia. Uchungu ukamshika mchana, tena siku iliyotanguliwa na mvua kubwa, barabara inateleza. Mkunga wa kijiji akamwangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mtoto amekaa vibaya. Mpandisheni hospitali sasa hivi, mimi simwezi."

Basi yule bwana akamketisha mkewe mbele, kando yake, akafunga ule mlango kwa kamba, wakaondoka. Hapakuwa na wa kuwasukuma, vijana wote walikuwa mashambani. Tambarare wakapita. Wakaanza mlima. Kona ya kwanza likapita kwa tabu. Kona ya pili likaanza kulegea. Akakanyaga mpaka mwisho, gari likatetemeka, likanong'ona, likasimama. Akavuta breki, akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akarudi, akaliwasha. Likawaka vizuri kabisa, taratibu, sauti ya kupendeza. Akaingiza gia. Likazimika. Akaliwasha tena, likazimika tena.

Uchungu ukaja mwingine na yule mama akapiga ukelele. Na mumewe, maskini, akamwambia maneno yale yale ambayo yeye mwenyewe amekuwa akiambiwa. Akasema, "Jikaze, mama. Nyamaza, utamaliza nguvu."

Yule mama akamgeukia. Akamwita, "Baba Sekela!"

Sekela lilikuwa jina la yule binti. Tangu siku ya mazishi hakuna mtu aliyemwita hivyo. Kwa adabu tu. Wote waliogopa kumtonesha kidonda, wakaanza kumwita bwana dereva, na mkewe naye akafuata. Siku hiyo, kwenye kona, likamtoka.

"Baba Sekela, unaniambia ninyamaze? Nimenyamaza tangu tulipomteremsha mwanangu kwenye barabara hii hii. Wewe umenyamaza. Na gari nalo wakalinyamazisha. Hebu niambie, lilipokuwa linapiga kelele, ni siku gani liliwahi kushindwa mlima huu?"

Yule bwana akafikiri. Akaitafuta hiyo siku, akaikosa.

"Toa kile kitu chao."

"Mama Sekela, ile ni zawadi ya kanisa."

"Nimesema kitoe! Au unataka na huyu tumteremshe nyuma?"

Akashuka. Akachukua spana, akaingia chini ya gari, tope mgongoni. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, hazikugeuka hata kidogo. Akatoka akachukua nyundo, akarudi chini, akaanza kupiga. Kile kisanduku kilikuwa cha moto kinamchoma mikono, naye anapiga. Anapiga penye kiungo, anapiga, na kila anapopiga kitu kinamtoka kooni. Mwishowe kiungo kikaachia na zawadi ya kanisa ikaanguka kwenye tope, ikatoa mvuke. Ndani ilikuwa imeziba, masizi yameshikamana na nyavu, hata kidole kisingepita.

Wasiojua magari niwaambie kwa ufupi, halafu tuendelee. Injini inavuta hewa na mafuta, inachoma, kisha ni lazima iutoe moshi. Usipotoka ule moshi, hewa mpya itaingia wapi? Ndani mmeshajaa. Ukikanyaga zaidi unaongeza mafuta mahali ambapo hayawezi kuungua. Ndiyo maana lilikunywa sana na halikuwa na nguvu. Halikuwa limepungukiwa na chochote. Lilikuwa halijatoa.

Akaliwasha. Wapendwa, mlima mzima ulisikia. Watu mashambani wakaacha majembe wakanyoosha migongo. Akaingiza gia, akaondoa breki, gari likang'oka pale kwenye jiwe, likapanda. Kona ya tatu likapanda, ya nne likapanda, lile gari la kamba mlangoni. Na ndani ya zile kelele yule bwana akafungua mdomo. Kwa kuwa hakuna mtu ambaye angemsikia, akafungua mdomo akaita, "Sekela! Sekela mwanangu!" Akalia kilio cha mwaka mzima, kile cha kutoka tumboni, mpaka kona haioni. Na mkewe, katikati ya uchungu wake mwenyewe, akawa anamfuta macho kwa ncha ya khanga ili aone barabara. Anamfuta, anaita na yeye. Wakapanda hivyo, wawili wanalia na gari linanguruma, wakafika.

Mtoto akatoka salama. Akalia. Na manesi walifanyaje? Walifurahi! Walicheka wakasema, amelia, amelia. Mtoto asipolia si mnampigapiga mgongo mpaka alie? Hiyo ndiyo dalili mnayoitafuta, kwamba ana uhai. Sasa mniambie, ni umri gani tunapoanza kuambiana kwamba mtu mzima ni yule asiyelia?

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, nanyi mngekwenda nyumbani mmefurahi. Haikuishia hapo.

Mama alipotoka hospitali, wazee wa kanisa wakaja kuona mtoto. Wakaleta sukari, wakaleta sabuni, wakambeba mtoto kwa zamu, wakampa baraka. Wakanywa chai. Kisha yule aliyekuwa mkubwa wao akakohoa, akajisogeza kwenye kiti, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu yetu, tumesikia gari limerudia kelele zake. Usiwe na wasiwasi. Tumeshaanza mchango mwingine, na safari hii tutatafuta fundi mzuri zaidi."

Mnacheka. Chekeni, nami nilicheka nilipowaza mfano huu, nikiwa peke yangu barazani. Kisha nikataka kujua hilo kanisa la wazee hao liko wapi. Nikaliangalia vizuri katika mawazo yangu. Lina mabati ya kijani. Lina kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gari, imening'inizwa kwenye mparachichi. Naona kicheko kimepungua. Ndiyo, ni hili. Wazee wale ni sisi, na siwasemi wazee tu, nawasema hata akina mama wa umoja, hata vijana, hata mimi ninayevaa kanzu hii.

Kumbukeni jana. Yule mama alifika ukingoni mwa kaburi la mumewe, akafungua mdomo kumwita. Akamwita mara moja. Na sisi tukafanya nini? Mikono ikamshika huku na huku ikimvuta nyuma. Mmoja anamwambia nyamaza, ni mapenzi ya Mungu. Mwingine anamwambia jikaze, una watoto. Mzee mmoja akamtupia jicho mwalimu wa kwaya, wimbo ukaanza, tena ule wa sauti ya juu, na sote tukaitikia kwa nguvu mpaka hatukumsikia tena. Tulipokuwa tunarudi nikawasikia mnasema, msiba umekwenda vizuri, kwaya imeimba. Imeimba kweli. Ilimwimbia mjane juu ya mdomo wake.

Ni upendo, najua. Sisemi hatukumpenda. Lakini ni upendo unaoogopa kelele. Hatukuweza kuvumilia sauti yake, kwa hiyo tukaizima, tukaita heshima. Na baada ya miezi michache tutamwona amesinyaa, haimbi, haji kwenye kikundi, na tutashangaa. Tutasema imani yake imepoa. Tutamwalika kwenye semina, tutamwekea mikono, tutamwombea aongezewe nguvu, aongezewe, aongezewe, kama wale waliokuwa wakibadilisha plagi. Nani kati yetu atapiga magoti nyuma, aweke kiganja, aulize kama pumzi inatoka? Bwana wetu mwenyewe alisimama mbele ya kaburi la rafiki yake akalia, watu wanamwangalia, na hakuna aliyemwanzishia wimbo wa kumfunika.

Na ninyi mliokuja mlangoni kwangu wiki hii mkasema hamna nguvu. Sijasahau swali lenu. Nendeni mkaangalie kile mlichoambiwa mkimeze mkakimeza. Kuna mwenye mtoto aliyezikwa na jina lake halitajwi nyumbani. Kuna aliyeachwa. Kuna kaka mmoja hapa, namjua, alifukuzwa kazi akamwambia mkewe yuko likizo. Mnaomba Mungu awape zaidi, naye hakatai kuwapa, lakini ataweka wapi? Mwambieni yeye kwanza. Mwambieni kwa sauti. Hashtuki, ameshazisikia kelele kubwa kuliko zenu. Na mtafute mtu mmoja wa kumwambia, mtu asiyekuwa na haraka ya kuwafariji.

Basi leo alasiri tunakwenda kwa yule mama. Hakuja ibadani, na hakuna wa kumlaumu. Najua mmeshafunga sukari na unga na sabuni, na hiyo ni desturi njema, bebeni. Mwalimu wa kwaya, mpendwa wangu, wewe njoo, lakini njoo bila kwaya. Tukifika tuweke mizigo chini, tukae, tumwulize habari za marehemu. Siyo habari za mazishi, habari zake yeye alipokuwa hai. Mtajeni marehemu kwa jina lake. Mama ataanza polepole. Atasema moja, atasema mbili, kisha sauti itapanda, na itapanda zaidi ya mnavyopenda, majirani watasikia, mtatazamana.

Hapo mkono wako utainuka wenyewe kumshika bega na kumwambia anyamaze. Nakuomba, kwa ajili ya Mungu: uukalie mkono huo. Amina.